HAKI YA MAITI NA HAJA YA WALIO HAI

Sifa zote njema zamhusu Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa udongo na katika udongo ndimo anamoturejeza. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu wa Utete na Kibiti, na ninyi mlio Ikwiriri na Mohoro, na mlio katika visiwa vya mlangoni mwa mto hatta Nyamisati: suala tunalolileta katika karatasi hizi ni suala ambalo kila nyumba italikuta, apende mwenye nyumba au asipende. Nalo ni hili: akifa mtu wetu mbali na kwao, ametuwajibikia kumfanyia nini, na ni nani wa kumfanyia, na kwa mali ya nani?

Zamani mtu wa Rufiji alizaliwa kando ya mto wake, akalima mpunga, akavua samaki, na mauti yakamkuta katikati ya watu wake. Kabla jua halijatua kaburi limekwisha chimbwa na majirani, na sanda imekwisha shonwa, wala haikutoka senti moja kumlipa mtu. Leo vijana wetu wengi wako Dar es Salaam kwa kutafuta riziki, na wagonjwa wetu wakizidiwa hupelekwa huko huko, katika hospitali ya Muhimbili. Basi wengi wetu tunafia mjini. Na mjini yako mambo yasiyokuwako kijijini: vyumba vya baridi vya kuwekea maiti, na wauza majeneza, na wenye magari ya kukodi ya kuchukulia maiti, na watu ambao kuosha na kuzika ndiyo kazi iwapayo chakula. Tena katika mji huo huo Mabaniani wanapo mahali pao pa kuchomea maiti wao kwa mujibu wa dini yao. Mtu wa shamba afikapo hapo na msiba kichwani, huku anaambiwa bei na huku anaambiwa afanye upesi, huingia katika mambo asiyoyajua, na hurejea kwao ana deni la miaka miwili. Kwa hivyo yapasa mambo haya tuyafikiri leo, hali tuna akili zetu, kabla ya siku ya kilio.

Jueni kwanza ya kwamba haki ya maiti juu ya walio hai ni mambo manne, wala si matano: kuoshwa, kuvikwa sanda, kuswaliwa, na kuzikwa. Kuchukuliwa kwake hatta kaburini kumo katika kuzikwa. Na haya manne ni fardhi kifaya, maana yake wakiyasimamisha baadhi ya watu, yamewaondokea wote. Na wakiyaacha wote, wamepata dhambi kila aliyejua na kuweza.

Tazameni vizuri faradhi hii amewekewa nani. Sharia haikusema: mzikeni ninyi watu wa kabila lake, wala haikusema: mzikeni ninyi mliozaliwa naye. Imewaelekea Waislamu waliopo. Mgeni afiaye mtaa wa Temeke au Kariakoo, basi watu wa msikiti wa mtaa ule ndio jamaa zake katika jambo hili, hatta kama hawakupata kumwona uso wake alipokuwa hai. Wakimwosha, wakamkafini, wakamswalia, wakamzika, haki yake imetimia yote, haikubaki hatta moja ya kudaiwa mbele ya Mungu. Shikeni msingi huu, kwani ndio tutakaoupimia mambo yote yajayo.

Akiuliza mtu: Je, yafaa kumlipa mwosha maiti, na mchimba kaburi, na mwenye gari?

Tutamjibu: Yafaa. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamesema kwamba ujira wa kazi hizi ni halali, nao hutolewa katika mali ya maiti mwenyewe, kabla ya deni zake kulipwa, na kabla ya wasia wake, na kabla ya warithi kugawana. Mke, gharama yake ni juu ya mumewe. Asiyekuwa na mali, ni juu ya yule aliyelazimiwa kumlisha alipokuwa hai. Na asiyekuwa naye huyo, ni juu ya Baitulmali. Na ikiwa hakuna Baitulmali, ni juu ya matajiri wa Kiislamu. Basi maiti wa Kiislamu hana namna ya kukosa mtu wa kumzika, illa Waislamu wenyewe wawe wameasi.

Lakini halali ina mpaka wake. Mwosha awe mwaminifu, mwenye kusitiri aibu aionayo juu ya mwili wa mwenziwe. Mwanamume aoshwe na wanaume, na mwanamke na wanawake, illa mume na mke, ambao wanaweza kuoshana. Sayidna Abubakari aliusia aoshwe na mkewe, Asma binti Umais, na ikawa. Na zaidi ya hayo liko jambo lituogopeshalo kuliko ujira. Kazi ya kuosha maiti ikishakuwa ya watu wa kulipwa peke yao, sisi wengine hatutajifunza. Hivi leo hukosi kumwona kijana mwenye ndevu, anaswali, anafunga, na akifa baba yake anasimama nje ya mlango kama mgeni, kwa kuwa hajui maji yanaanzia upande gani. Kumlipa mtu akusaidie si dhambi. Dhambi ni mji mzima kukosa wajuzi wa faradhi, kwa kudhani siku zote atapatikana mtu wa kununuliwa.

Na katika sanda na jeneza fuateni kadiri. Sanda ya mwanamume ni nguo tatu, na ya mwanamke ni tano, nyeupe, safi, zisizo za fahari. Khabari ya Sayidna Abubakari yatosha kuwa funzo. Alipokuwa katika maradhi ya kufa kwake aliagiza akafiniwe katika nguo yake iliyokuwa imechakaa, iongezwe nyingine mbili tu. Walipomwambia kwamba ile imechakaa, aliwajibu kwa maana ya kwamba aliye hai ana haja zaidi ya nguo mpya kuliko aliyekufa. Huyu ni Khalifa wa Mtume, mtawala wa Arabuni yote. Basi sisi ni akina nani hatta tukope kwa ajili ya mbao za kung'arishwa? Kumzika mtu ndani ya jeneza, kwa madhehebu yetu, ni makuruhu, illa ardhi iwe laini sana au yenye maji. Na sisi watu wa mto tunaijua ardhi ya namna hiyo: penye mikoko na tope, mwanandani hausimami, basi huchimbwa mfereji katikati ya kaburi, na ikibidi huwekwa mbao au jeneza, wala hapana lawama. Mwezi wa Aprili 2024 mto ulipofurika, maji yakaingia makazi na mashamba katika Rufiji na Kibiti, ruhusa hii ilikuwa ni rehema. Lakini ruhusa ya penye maji haiwi sababu ya fahari penye ukavu.

Sasa tuje kwenye moto. Yuko atakayesema: Mji umejaa. Makaburi ya Kisutu yamekwisha songamana, na ardhi ni ghali. Je, si nafuu watu wachomwe, kama wafanyavyo wengine?

Kwanza tuseme neno la adabu. Hatumtukani mtu kwa ajili ya maiti wake. Mtume wetu (s.a.w.) lilipita mbele yake jeneza la Yahudi, akasimama; walipomwambia kwamba huyo ni Yahudi, aliwakumbusha kuwa naye ni nafsi. Huko Nairobi watu maarufu wasiokuwa Waislamu wamechagua kuchomwa: Wangari Maathai mwaka 2011, Kenneth Matiba mwaka 2018, Bob Collymore mwaka 2019. Dini yao na khiari yao ni yao. Maneno yetu ni kwa Muislamu, naye kwake jambo hili ni haramu bila ya ikhtilafu. Mungu amemtukuza mwanadamu, na mwili wake una heshima baada ya roho kutoka. Mtume ametufundisha kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Na tangu mwana wa Adamu alipomwua nduguye asijue la kumfanya, aliyeletwa kumfundisha ni kunguru afukuaye ardhi. Mafunzo ya kwanza aliyopewa binadamu juu ya maiti yalikuwa ni udongo.

Ama hoja ya ardhi, jawabu lake limo katika sharia yenyewe, laiti tungaliifuata. Kaburi la Sunna ni shimo na udongo, limeinuliwa shibiri moja lijulikane, bass. Kujenga saruji na vigae juu ya kaburi katika makaburi ya watu wote ni haramu, kwa kuwa ni kuwadhulumu watakaokufa kesho. Na wanazuoni wamesema kwamba maiti akishaoza wote, kwa kauli ya wajuzi wa ardhi ile, yafaa kuzikwa mwingine mahali pale. Basi makaburi ya Kiislamu yasiyojengewa hayaishi. Ekari moja yaweza kuwazika watu kizazi baada ya kizazi. Makaburi yetu ya mjini yamejazwa kwa wingi wa maiti, na pia kwa saruji ya walio hai wanaotaka jina. Tusiisingizie sharia ufinyu tuliouleta wenyewe.

Akiuliza mtu: Na yule aliyechomwa kwa nguvu, naye si radhi, hali yake ni ipi?

Jambo hili limetokea katika zama zetu. Kisiwani Sri Lanka, ambacho Waarabu wa kale walikiita Sarandibu, Serikali mwaka 2020 iliamuru kila aliyekufa kwa maradhi ya korona achomwe, hatta Waislamu, na hali Shirika la Afya Duniani lilikuwa limesema kwamba kuzika kwafaa. Miongoni mwa waliochomwa alikuwamo mtoto mchanga wa siku 20. Waislamu wakalia, na watu wa dini nyingine wakalia pamoja nao, hatta mwezi wa Februari 2021 wakaruhusiwa kuzika; na mwaka 2024 Serikali ikaomba radhi. Sisi twasema: aliyelazimishwa hana dhambi, na aliyechomwa hakupotea. Imepokewa khabari ya mtu wa kale aliyewausia wanawe wamchome na majivu yake wayatawanye, kwa kumwogopa Mola wake. Mungu akaamrisha, yakakusanyika, akamwuliza sababu, naye akasema ni khofu yake, akamsamehe. Basi hukumu ya moto ni juu ya achomaye kwa khiari hali ajua. Ama Mungu hakumshinda mtu kumfufua, awe ametoka kaburini, au majini, au tumboni mwa samaki.

Na sisi wa Rufiji tunao ushahidi wa jambo hili karibu. Mwezi wa Januari 1917, katika vita vya Wazungu, aliuawa huko Beho Beho Mwingereza Frederick Selous, na kaburi lake lipo hatta leo lina jina lake. Lakini wapagazi weusi walioichukua mizigo ya vita vile, wakafa kwa homa na njaa na kuhara katika nchi hii hii, makaburi yao yako wapi? Tume yenyewe ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Hiyo ni aibu juu ya waliowaita vitani. Juu ya wafu wenyewe hapana aibu, kwani aliyewaumba anawajua mmoja mmoja.

Limebaki suala lililo zito kuliko yote kwa watu wa kwetu: Je, aliyefia Dar es Salaam azikwe huko, au arejeshwe Utete?

Desturi yetu ni kumrejesha. Tunasema: asilale ugenini, alale penye wazee wake. Na kwa ajili ya neno hili watu hukodi gari kwa fedha ambayo marehemu hakupata kuishika kwa pamoja maisha yake yote. Zamani watu wa kusini walikaa pale Ndundu wakingojea pantoni. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 njia imekuwa fupi, lakini bei ya safari haikuwa ndogo.

Imamu Nawawi na wengine katika wanazuoni wetu wamesema kwamba kumhamisha maiti kutoka mji aliofia kumpeleka mji mwingine ni haramu, na wengine wakasema ni makuruhu, illa awe karibu na Makka, au Madina, au Baitul Mukaddas. Dalili yao ni kuwa siku ya Uhud baadhi ya watu walikuwa wamewachukua wafu wao kuwaleta Madina, na Mtume akaamrisha warejeshwe wazikwe walipouawa. Na Bibi Aisha, nduguye Abdurrahmani alipofia nje ya Makka akachukuliwa kuzikwa Makka, alisema kwamba lau angalikuwapo, angezikwa pale pale alipofia. Kwa upande wa pili, imepokewa kwamba Saad bin Abi Wakkas na Said bin Zaid walifia Akik wakachukuliwa Madina. Na kwa hiyo walioruhusu nao wana la kushika. Sisi hatuwafanyi wenzetu kuwa waasi katika jambo lenye ikhtilafu. Lakini hakuna hatta mwanachuoni mmoja aliyesema kwamba kumrejesha ni wajibu. Hili ndilo la kukumbukwa. Ni ruhusa yenye ubishi upande mmoja, na upande wa pili ziko haki zisizo na ubishi: haki ya maiti kuharakishwa kuzikwa, na haki ya mwenye kumdai, na haki ya yatima.

Mtume (s.a.w.) aliletewa maiti mwenye deni la dinari mbili, akakataa kumswalia mwenyewe, hatta Abu Katada alipolichukua deni lile juu yake ndipo akamswalia. Tazama: kilichomzuia Mtume ni deni, wala hakuuliza mtu yule ametoka wapi na atazikwa wapi. Basi anayechukua mali ya marehemu akalipa gari na jeneza la fahari, akaacha deni la muuza duka halijalipwa, huyo amemwacha nduguye katika kifungo, naye anadhani amemstahi.

Na neno la kulala penye wazee, tuliangalie kwa uadilifu. Ni neno la mapenzi, wala hatulicheki. Lakini mwaka 1968 na 1969 Serikali iliwahamisha watu wa bonde la Rufiji ikawapeleka vijiji vipya vya mahali pa juu, na makaburi ya wazee wao yakabaki chini bondeni. Je, wale wazee walipungukiwa na rehema ya Mungu kwa kuwa wajukuu wao wamehama? Na dua ya mtoto aliye kijiji kipya haikuwafikia? Dua haivuki kwa daraja wala kwa pantoni. Alikufa mwanamke aliyekuwa akiufagia msikiti wa Mtume, watu wakamzika usiku wala hawakumwarifu, kwa kuona jambo lake ni dogo. Mtume alipojua, aliuliza kaburi lake liko wapi, akenda akamwombea. Kaburi la ugenini halimpunguzii mtu kitu, maadamu aliyemwosha na kumswalia ni Muislamu.

Basi shauri letu ni hili. Maiti akiwa karibu, na gari ipo kwa hisani ya watu, na hachelewi, na mwili haubadiliki, na hapana mali ya yatima wala ya mdai iliyoguswa, mwenye kufuata kauli ya walioruhusu hatumkemei. Likikosekana moja katika haya, na azikwe alipofia, na jamaa zake wapige moyo konde, wajue kwamba wamemtimizia haki yake.

Na mfano wa haya ni chakula cha matanga. Jaafari alipouawa, Mtume aliamrisha watu wawapikie jamaa zake, kwa kuwa wamefikiwa na la kuwashughulisha. Sisi tumeligeuza: mfiwa ndiye apikaye, na waliokuja kumpa pole ndio walao. Na yakiwamo katika chakula hicho mali ya mtoto asiyebaleghe, basi kila tonge ni haramu, hatta ikisomwa Kurani juu yake usiku kucha.

Tunamaliza kwa nasaha nne. Ya kwanza: kila mtu wa kwetu aendaye kukaa mjini, ajulikane katika msikiti wa mtaa wake, jina lake na kwao na jamaa zake, asife kama jiwe la njiani. Ya pili: aandike wasia, ataje deni zake, na aseme wazi, mimi nikifa hapa nizikeni hapa, kwani neno hili likitoka kinywani mwake linawaondolea ndugu zake lawama ya watu, na lawama hiyo ndiyo iwakopeshayo, si mapenzi peke yake. Ya tatu: kila msikiti wa Utete na Kibiti uwe na jeneza lake la kuchukulia, na sanda zilizowekwa tayari, na watu wanaume na wanawake waliofundishwa kuosha, na walioko Dar es Salaam wafanye chama cha kuzikana, kama walivyofanya wageni wa mji ule zama za Waingereza, kila mwezi mtu atoe kidogo, maskini wao asiombewe barabarani. Ya nne: tusijenge juu ya makaburi ya watu wote, ili na sisi tupate pa kulazwa.

Enyi ndugu, maiti hana haja ya fahari yetu. Haja yake ni maji, na nguo, na swala, na udongo, na deni lake lilipwe, na watoto wake wasidhulumiwe kwa jina lake. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, waliozikwa kwao na waliozikwa ugenini, na wale wasiojulikana makaburi yao. Na sisi atupe mwisho mwema. Amin.